Pikapu ya Kikundi Inalala Upande: Pimeni Kabla ya Kununua Springi



Somo letu safari hii ni la gari. Najua kuna watakaosema, "Sisi hatuna gari, tuna ng'ombe na toroli." Ngojeni kidogo. Vikundi vingi vinavyouza maziwa, viazi na mahindi vimejichanga vikanunua pikapu kuukuu, na vile ambavyo havijanunua hukodi. Pikapu ya namna hiyo ikianza kulala upande mmoja, pesa za kikundi huanza kutoka kidogo kidogo, leo spea hii, kesho spea ile, na mwisho wa mwaka mweka hazina anaulizwa maswali ambayo hana majibu yake. Tena sote tunajua watu hupanda juu ya mzigo siku ya soko. Kwa hiyo hili si jambo la dereva peke yake.

Nitaanza na kikundi kimoja cha huku milimani. Kina Peugeot 504 pikapu, ile ya zamani, ya kubeba maziwa asubuhi na viazi siku ya soko. Ilianza kuinama upande wa kushoto. Ukisimama nyuma yake barabarani unaona wazi: kona ya nyuma kushoto iko chini, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja.

Mama mwenyekiti akaipeleka kwa fundi.

"Fundi, hii gari mbona imechoka upande mmoja?"

"Mama, hizo ni shokamzoba zimekufa. Tubadilishe mbili za nyuma, utaona itasimama."

Zikanunuliwa. Gari likaendelea kulala vile vile. Wakarudi. Safari hii fundi akasema springi ya nyuma kushoto imelegea, na dawa yake ni kuongeza chuma kimoja. Kikaongezwa. Hapo gari likainuka kidogo na watu wakafurahi. Lakini baada ya wiki mbili dereva akaanza kulalamika kwamba akikanyaga breki, gari linavuta kulia, na kwenye tope gurudumu la mbele kushoto linateleza kabla ya mengine. Siku moja ya mvua, na akina mama sita wakiwa nyuma, gari lilivuka barabara likasimama karibu na mtaro wa upande wa pili. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe. Wakaambiwa sasa ni breki. Kikundi kilikuwa kimeshatumia faida ya maziwa ya karibu miezi mitatu, na bado hakijui gari linaumwa nini.

Yule fundi hakuwa mwizi. Alikuwa anabahatisha. Aliangalia kona iliyo chini akanunulia kona hiyo spea, na hivyo ndivyo wengi wetu tungefanya. Tuone kwa nini njia hiyo hudanganya.

GARI NI KAMA MEZA

Chukua meza ya miguu minne, weka kipande cha mbao chini ya miguu miwili ya kulia. Meza inainama kushoto. Je, imeinama kushoto upande wa mbele tu? Hapana. Imeinama mbele na nyuma kwa kiasi kile kile, kwa sababu ubao wa juu ni mgumu, haujipindi.

Bodi ya gari na chesisi yake ni kama huo ubao wa meza, na springi nne ndizo miguu. Springi ya mbele kushoto ikivunjika, gari zima linalala kushoto, mbele na nyuma. Mtu aliyesimama nyuma ya gari ataona kona ya nyuma kushoto iko chini, naye ataapa kwamba springi ya nyuma ndiyo mbovu. Kumbe ugonjwa uko mbele. Kwenye pikapu hali hii hudanganya zaidi, kwa sababu nyuma ndiko tunakopakia na ndiko macho yetu yanakotazama.

Basi kwa macho peke yake huwezi kujua, na hata ukipima kona zote nne bado hutajua kama kosa liko mbele au nyuma. Vipimo vinakuambia gari linalala kiasi gani na upande gani. Ili ujue mguu gani wa meza ni mfupi, lazima uondoe miguu ya upande mmoja, uone miguu iliyobaki inasema nini. Hiyo ndiyo kazi ya jeki, nasi tutafika hapo.

KABLA YA KUPIMA

Tafuteni mahali palipo sawa kabisa. Sakafu ya saruji ya kanisa au ya ghala ni nzuri kuliko uwanja wa shule. Kama hamna uhakika na mahali penyewe, pimeni gari, kisha ligeuzeni, mbele kuwe nyuma, lisimame pale pale, mpime tena. Kama sasa linalala kulia badala ya kushoto, hamna gari bovu, mna uwanja uliopinda. Nimeona watu wakibishana saa nzima juu ya springi na kumbe ni shimo la panya chini ya tairi.

Toeni mzigo wote. Toeni debe la mafuta, jeki, spana, mawe na ile minyororo iliyo nyuma ya kiti. Angalieni tairi: ziwe za namba moja kushoto na kulia, na upepo uwe sawa. Tairi moja kubwa kuliko mwenzake, au iliyoisha wakati mwenzake ni mpya, inatosha kuinamisha gari. Mtu asikae ndani. Hapa Kenya dereva anakaa kulia, kwa hiyo uzito wake hauwezi kuwa sababu ya gari kulala kushoto, lakini unaweza kuficha ulalo wenyewe.

Mwisho, sukumeni gari mbele hatua chache na kulirudisha, usukani ukiwa umenyooka, halafu mbonyeze kila kona mara tatu na kuachilia. Springi za vyuma vilivyolaliana zikishika kutu hukwama pale zilipo. Zipeni nafasi ya kutulia.

KUPIMA

Mnahitaji tepu ya fundi wa mbao, chaki na daftari. Pimeni kutoka katikati ya gurudumu, pale kwenye habu, kwenda juu moja kwa moja hadi ukingo wa madigadi. Msipime kutoka chini hadi madigadi, kwa sababu hapo mtakuwa mnapima tairi na springi pamoja. Kama mna shaka na tairi, pimeni pia kutoka chini hadi habu na muandike kando.

Mtu mmoja apime na mwingine aandike, kisha wabadilishane. Wakipata nambari tofauti kwa zaidi ya nusu sentimita, warudie. Kwenye pikapu ambayo imewahi kugongwa au kuchomelewa madigadi, pimeni pia kutoka ekseli hadi chesisi, kwa maana bati linaweza kuwa limepinda na chesisi iko sawa.

Pikapu ya kile kikundi, siku ilipopimwa (chuma cha ziada kikiwa kimeshawekwa), ilikuwa hivi: mbele kushoto sentimita 37.5, mbele kulia 39. Nyuma kushoto 44.5, nyuma kulia 46. Yaani kushoto kuko chini kwa sentimita moja na nusu, mbele na nyuma, kama meza tuliyosema.

Kuna hesabu ndogo ambayo kila kikundi kinaweza kufanya. Jumlisheni mshazari, kona kwa kona: mbele kushoto na nyuma kulia ni 37.5 na 46, jumla 83.5. Mbele kulia na nyuma kushoto ni 39 na 44.5, jumla 83.5. Zikilingana, au zikikaribiana, vipimo vyenu ni vizuri na bodi ni nyoofu. Zikitofautiana kwa sentimita moja au zaidi, msiguse springi kwanza. Ama mahali si sawa, ama mmepima vibaya, ama madigadi yamepinda, ama chesisi yenyewe imejisokota kwa ajali au kwa mizigo. Chesisi iliyojisokota ni kesi ya fundi mkubwa, na wakati mwingine ni kesi ya kuuza gari.

Tofauti ya nusu sentimita kati ya kushoto na kulia isiwanyime usingizi. Hata gari jipya linaweza kuwa nayo, maana tanki la mafuta na betri haviko katikati. Ikifika sentimita moja, angalieni. Ikizidi hapo, tafuteni sababu.

JARIBIO LA JEKI

Hapa ndipo penye siri yote, na hapa ndipo penye hatari, kwa hiyo someni sehemu hii mara mbili kabla ya kushika jeki.

Kwanza tunainua mbele. Vuteni breki ya mkono na kuzuia magurudumu ya nyuma kwa mawe makubwa, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Wekeni jeki katikati kabisa ya ule mhimili wa chuma unaokatiza chini ya injini, wala si kwenye sampu ya oili. Inueni polepole mpaka magurudumu yote mawili ya mbele yaachane na ardhi kidogo tu, upana wa vidole viwili. Chini ya chesisi, kushoto na kulia, pangeni magogo imara yakikaribia kuigusa lakini yasiiguse, ili gari likiteleza liangukie magogo. Mtu yeyote asiingie chini, hata mkono wake. Watoto wawe mbali.

Sasa mbele gari linakaa juu ya ncha moja, kama mizani. Springi za mbele hazina tena la kusema. Kinachoamua gari lilale wapi ni springi za nyuma peke yake. Watu wawili wabonyeze kwa upole ubao wa nyuma, kila mmoja upande wake, waachilie, halafu pimeni nyuma kushoto na nyuma kulia.

Kama nyuma sasa ni sawa, springi za nyuma hazina kosa na ugonjwa uko mbele. Kama nyuma bado inalala vile vile au zaidi, ugonjwa uko nyuma.

Kisha mnashusha na kufanya kinyume chake: mnainua nyuma, jeki ikiwa katikati ya ekseli, mnapima mbele. Angalizo moja hapa. Kwenye magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Yakiwa hewani, breki hiyo haishiki kitu. Kwa hiyo magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe vizuri. Majaribio haya mawili yanapaswa kukubaliana. Yasipokubaliana, yaani yote mawili yakionyesha ulalo kidogo, basi mbele na nyuma kote kuna kasoro, na hilo kwa gari la miaka thelathini si ajabu.

Siku hiyo kwenye kile kikundi jaribio lilifanywa na mwalimu wa ufundi wa magari kutoka chuo cha ufundi cha jirani. Alipoinua mbele na kupima nyuma, watu walinyamaza. Nyuma kushoto sentimita 46.5, nyuma kulia 44. Gari lililokuwa likilala kushoto sasa lililala kulia!

"Mwalimu, umeliharibu," akasema dereva.

"Sijaliharibu. Mlilidanganya likanyamaza, sasa limesema."

Akaeleza. Springi za nyuma zilikuwa nzima tangu mwanzo. Kile chuma kilichoongezwa kushoto kiliinua nyuma kushoto kupita kiasi, lakini kosa la mbele lilikuwa linavuta gari zima kushoto, na hivi viwili vikawa vinashindana. Ukiangalia kwa macho, gari lilikuwa karibu kusimama sawa. Ndani yake uzito ulikuwa umehamia kona mbili za mshazari: nyuma kushoto na mbele kulia. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa jepesi, limegusa barabara tu. Ukikanyaga breki, gurudumu jepesi linakwama na kuteleza, lile zito la kulia linashika, na gari linavuta kulia. Breki hazikuwa na kosa lolote.

MKISHAJUA NI WAPI

Kama ugonjwa uko nyuma, na pikapu yenu ina springi za vyuma vilivyolaliana kama vitabu, osheni matope kwanza. Hakuna fundi anayeweza kuona ufa chini ya tope. Hesabuni vyuma kushoto na kulia: idadi iwe moja na unene uwe mmoja. Mkikuta kushoto kuna sita na kulia saba, ulizeni nani aliongeza na kwa nini. Magari mengine hutoka kiwandani na springi yenye nguvu zaidi upande mmoja, kwa hiyo msikimbilie kusema ni wizi, lakini ulizeni.

Ufa hupenda kukaa mahali pawili: karibu na katikati, pale yu-boliti zinapobana, na karibu na jicho la springi kwenye ncha. Mstari wa kutu unaotoka kati ya vyuma ni alama. Kama chuma kirefu cha juu, chenye macho, ndicho kimekatika, gari lisitoke hapo lilipo. Hicho ndicho kinachoshika ekseli isirudi nyuma.

Katikati ya vyuma hivyo inapita boliti moja ndogo, senta boliti. Kichwa chake hukaa kwenye tundu la ekseli na kuizuia isiteleze. Yu-boliti zikilegea, senta boliti hukatika, na ekseli husogea. Pimeni kwa kamba kutoka boliti ya jicho la mbele la springi hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Tofauti ikizidi nusu sentimita, kuna kitu. Njia nyingine ni kupitisha gari polepole kwenye udongo laini, likienda moja kwa moja, na kutazama nyayo zake. Nyayo za nyuma zikikaa kando ya zile za mbele, upande mmoja tu, ekseli imehama na gari linakwenda upande upande.

Bushi zilizoisha huleta kelele na milimita chache tu. Mtu akiwaambia gari limelala sentimita tatu kwa sababu ya bushi, mwambieni aonyeshe. Sheko, zile bamba mbili zinazoning'inia ncha ya nyuma ya springi, zinaweza kukwama kwa kutu au kugeuka baada ya shimo kubwa, na hizo huonekana kwa macho ukilinganisha kushoto na kulia.

Springi iliyolegea bila kukatika hupimwa ikiwa imetolewa. Funga kamba kutoka jicho hadi jicho, upime kutoka kamba hadi chuma cha juu pale katikati. Linganisha na ya upande wa pili. Ile iliyonyooka zaidi ndiyo iliyochoka. Zikibadilishwa zibadilishwe zote mbili, kushoto na kulia, hata kama moja inaonekana nzuri. Ukinunua za mitumba, peleka tepu na kamba yako, usipeleke macho peke yake.

Tafadhali msichomelee springi iliyokatika. Chuma cha springi kimepewa nguvu yake kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa kuchomelea unaiondoa nguvu hiyo, na springi itakatika tena kando ya pale ilipochomelewa, pengine kwenye mteremko. Na yu-boliti zikishafunguliwa na kufungwa, zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Wengi husahau, ndiyo maana senta boliti mpya hukatika mwezi huo huo.

Kama ugonjwa uko mbele, inategemea gari. Peugeot 504 ina springi za mviringo zilizozunguka shokamzoba. Mzunguko wa chini kabisa hukaa ndani ya sahani inayoshika maji na matope, na hapo ndipo huliwa na kutu. Ukikatika, kipande hukaa pale pale ndani ya sahani na huwezi kukiona. Osheni, mulikeni kwa tochi, hesabuni mizunguko kushoto na kulia, na mpapase kwa waya uliopindwa, wala si kwa kidole. Ncha iliyokatika inaweza kutoka nje na kukata tairi gari likiwa mbioni.

Springi hii isifunguliwe kijijini bila kifaa chake cha kuibana. Iko chini ya nguvu kubwa wakati wote, hata gari likiwa limeinuliwa. Ikiruka inaweza kuvunja taya au kuua. Fundi anayetaka kuifungua kwa waya na kamba, mshukuruni kwa heshima mwende kwingine.

Pikapu kama Nissan Hardbody na Isuzu TFR za miaka ya 1990 hazina springi ya mviringo mbele. Zina fimbo ndefu ya chuma iliyolala kando ya chesisi, moja kila upande, inayojisokota gurudumu linapopanda. Mwisho wake kuna boliti ya kurekebisha. Linganisheni urefu wa nyuzi za boliti zinazoonekana kushoto na kulia. Mkikuta moja imekazwa sana kuliko nyingine, kuna mtu aliwahi kuinua kona hiyo, labda kuficha kosa la nyuma. Boliti hiyo ni rahisi kuzungusha, na kwa sababu hiyo imeharibu magari mengi. Fanyeni jaribio la jeki kwanza. Mkiirekebisha, magurudumu yote mawili yawe yameinuliwa, na baadaye gari liende kwa alaimenti, la sivyo tairi zitaisha upande mmoja.

NA SHOKAMZOBA?

Shokamzoba ya kawaida ya mafuta haibebi gari. Kazi yake ni kuzuia gari lisiendelee kuruka baada ya shimo. Ukiitoa gari litasimama kwa urefu ule ule. Zile zenye gesi husukuma juu kidogo, kidogo tu. Basi gari likilala upande, shokamzoba iwe ya mwisho kushtakiwa.

MZIGO

Springi haichoki bila sababu. Gunia la mahindi ni kilo 90. Magunia 11 ni kilo 990, na hapo pikapu ya tani moja imejaa. Ongezeni watu watano wa kilo 65 juu yake, ni kilo 325 zaidi. Nani alizihesabu? Tena vijana hupenda kuanza kupanga upande ule ulio karibu na ghala, na upande huo huo kila siku. Barabara nayo imeinamishwa ukingoni ili maji yatiririke, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo springi za kushoto huinamiwa siku zote na ndizo huangukia mashimo ya ukingoni. Pangeni mizigo mizito katikati, mbele ya ekseli ya nyuma, na mgeuze gari pale ghalani mara kwa mara.

Pikapu ya akina mama wale ilikutwa na springi ya mbele kushoto iliyokatika mzunguko wa chini, kipande kizima kikiwa ndani ya sahani pamoja na tope. Zilibadilishwa springi zote mbili za mbele na kile chuma cha ziada cha nyuma kikatolewa. Walipopima tena, kushoto na kulia zilitofautiana kwa nusu sentimita. Siku hizi fundi akitaja spea, mama mweka hazina anafungua daftari na kumuuliza: "Umepima? Kabla ilikuwa ngapi?" Yule fundi wa kwanza bado ndiye anayewatengenezea gari, lakini sasa naye anatembea na tepu mfukoni.

KAZI YA KIKUNDI

Mkutano ujao, kama mna gari au jirani yenu analo, pimeni kona nne na kufanya hesabu ya mshazari. Jaribio la jeki lifanywe mbele ya fundi mnayemwamini. Kisha mjadiliane:

Mwaka uliopita tulinunua spea gani za gari, na ni ipi kati ya hizo ilinunuliwa baada ya kupima?

Nani kati yetu anaruhusiwa kumwambia dereva kwamba mzigo umezidi, na je, dereva atamsikiliza?

Gari likivuta upande mmoja wakati wa breki, nani anaambiwa, na gari linasimamishwa siku hiyo hiyo au linamaliza safari za soko kwanza?